Mgumba Mbili, Meza ya Dirishani

Jumamosi, 4 Mei

Naanza daftari hili leo, na ninaapa kuandika kila kitu kama kilivyotokea, hata kile kitakachoniaibisha. Hakuna atakayelisoma. Kwa hiyo hakuna sababu ya kujipamba.

Habari yenyewe ni hii: nimepata kazi! Si ya kudumu — ya muda tu, baada ya vipindi. Meneja wa mgahawa anakofanya kazi Shangazi anataka kadi mpya za vinywaji na vitindamlo. Anasema za kuchapisha kwa mashine zinafanana na za kila mahali. Anataka za mkono, kwa wino. Shangazi akamwonyesha insha yangu ya muhula uliopita. Mimi nilidhani imepotea — kumbe alikuwa anatembea nayo kwenye mkoba! Meneja akaisoma nusu, akasema, huyo mtoto aje.

Mwalimu wa lugha alitufundisha: keti wima, usiibane kalamu kama unamnyonga kuku, na usianze neno kabla hujaliona lote kichwani. Nimefanya mazoezi ya herufi kubwa mpaka vidole vikauma. K yangu bado inaegemea nyuma kama mtu aliyeshiba.

Shangazi ni dada wa Baba. Ndiye aliyenilea tangu Mama afariki, nikiwa sijaanza hata kutambaa. Baba anaendesha malori ya safari ndefu, tunamwona anapopita. Tunaishi wawili, mimi na Shangazi, vyumba viwili na jiko la kuingia kwa zamu. Picha ya Mama iko juu ya kabati. Shangazi huifuta vumbi kila Ijumaa kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

Leo amenipigia blauzi pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Halafu akaniambia bila kuniangalia: kule ni kazini, si nyumbani. Salamu, kazi, kwaheri. Mdomo uwe mfupi. Nikajibu, ndiyo, Shangazi. Adabu ninayo! Lakini alipokuwa anazima pasi akarudia — mdomo uwe mfupi.

Nina furaha. Naandika hivyo wazi, ili siku nyingine nisije nikajidanganya kwamba sikuwa nayo.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza.

Mgahawa wakati wa alasiri umetulia. Upande mmoja viti vimepinduliwa juu ya meza, upande wa pili wamekaa watu wachache wa maofisini waliolegeza tai. Sakafu inanuka ndimu na sabuni. Nimepewa meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, penye mwanga mzuri. Wino mweusi, chupa nzima!

Jamaa wa kaunta wanamwita Barafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Aliponiona akapaza sauti — ala, huyu ndiye Kalamu mwenyewe! Mama Kalamu, mbona ulituficha kwamba ni mrefu hivi, ulitaka tushindwe kumwozesha? Shangazi akacheka kidogo, akajishika nywele. Huwa anachomeka kalamu kwenye nywele, juu ya sikio, ya kuandikia oda. Basi wamempachika Mama Kalamu, na mimi nimerithi. Pale kila mtu ana jina la utani. Mpishi wa keki anaitwa Kibonge, na keki yake kubwa ya chokoleti imo kwenye kadi kwa jina hilo hilo. Nilipomwangalia kwa wasiwasi akanikata: usinihurumie, mtoto mzuri. Jina hili nimejipa mwenyewe, na keki nimeipa mwenyewe. Mtu mwingine akinipa, ndipo utaona mwiko unavyoruka.

Meneja ndiye aliyetunga majina mengine yote. Anayasoma kwa sauti, mimi naandika kwanza kwa penseli. Talaka — ya rangi mbili zisizochanganyika. Mama Mkwe — chachu, pombe kali na ndimu. Kichaa — ina pilipili. Kwenye vitindamlo kuna Kigugumizi, ambayo ni jeli, kwa kuwa inatetemeka. Masikio yaliniwaka moto. Darasani kwetu kuna msichana mwenye kigugumizi, na anajibu hesabu vizuri kuliko sisi sote.

Kuna na Yatima. Ni bonge moja la aiskrimu, peke yake katikati ya sahani kubwa. Meneja alilisoma kama mengine. Nikaliandika kama mengine. Y ilitoka vizuri.

Anasema jina ndilo linalouza. Kinywaji ni kinywaji tu, lakini mteja akicheka anaagiza ya pili. Ndiyo maana kuna sheria: mhudumu hapeleki oda kwa karatasi peke yake. Anasimama katikati ya ukumbi na kuita jina zima kwa sauti, na Barafu anaitikia kwa sauti, ili meza nyingine zisikie, zicheke, zitamani. Shangazi anaita vizuri kuliko wote. Talaka moja, meza ya pili! Sauti yake inafika mpaka mlangoni.

Meneja si mtu mbaya. Alimwambia Shangazi, mama, mpe mtoto soda. Wote pale wanamwita mama. Mwanamke mtu mzima, wangemwitaje?

Jumatano, 8 Mei

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzeje. Nitaanza moja kwa moja.

Leo tulifika kwenye vinywaji visivyo na kileo. Kuna kimoja tu. Embe, tangawizi, majani ya mnanaa, soda nyeupe. Meneja akasema, hiki andika Mgumba.

Nilidhani ninaota. Nikamwangalia. Akadhani sijaelewa, akanieleza huku anacheka, kwa upole kabisa, kama mwalimu: kina kila kitu cha mwanamke mzuri — rangi, harufu, utamu — lakini hakizai kitu. Unakunywa mpaka wafunge mlango, hulewi! Meza ya jirani wakacheka pia. Mmoja akasema, basi niletee na mimi, mke wangu amenikataza pombe.

Na hapo hapo, nyuma yangu, nikamsikia Shangazi.

Mgumba mbili, meza ya dirishani!

Barafu akaitika — Mgumba mbili, zinakuja!

Sauti ile ile anayoitumia kuniambia chakula kiko tayari. Haikupanda, haikushuka. Nilikuwa nimeshika kalamu juu ya karatasi, tone likadondoka. Ikabidi niitupe kadi nzima.

Sasa naandika kile ambacho nyumbani hatukitaji. Shangazi aliwahi kuolewa. Alikaa huko miaka, kisha akarudi kwa Baba na sanduku moja. Mama wa mumewe alisimama mlangoni akamwambia neno hilo mbele ya majirani, na mumewe alikuwa ndani anasikiliza redio. Baba ndiye aliyenisimulia, mara moja tu, tukiwa kwenye lori lake, na aliposema neno hilo alikuwa ameangalia barabara. Mwaka juzi jirani yetu naye alimrushia pale bombani, waligombea zamu ya maji. Shangazi alimwaga ndoo yake iliyokuwa imejaa, akaisuuza, akaanza kukinga upya kutoka mwisho wa foleni.

Na kila siku, kila siku, analiita neno hilo kwa sauti ili watu wacheke!

Alhamisi, 9 Mei

Nimemuuliza. Alikuwa anamenya viazi.

Unawezaje kuliita, Shangazi?

Kuita nini?

Nikashindwa kulitamka. Akanielewa hivyo hivyo. Akasema, ni kinywaji. Kina embe na tangawizi. Nikasema, Shangazi! Akaweka kisu chini. Akasema — pale nikiliita mimi, halinitafuti. Linapita kando. Watu wanaliona linakwenda kaunta, linakwenda meza ya dirishani, hakuna anayegeuka kuniangalia mimi. Unajua raha ya neno kukupita kando?

Sikujua. Kwa nini lisimtafute? Akasema, niachie mimi. Wewe andika kadi zako, herufi zinyooke.

Viazi alivimenya vingi mno. Tutavila mpaka kesho kutwa.

Ijumaa, 10 Mei

Sikusikia kitu darasani. Mwalimu aliniuliza swali, nikajibu la jana.

Nimeamua. Nitazungumza na Meneja. Mwalimu husema mtu mwenye haki husema kwa sauti ya kawaida, wala hana haja ya kupiga kelele. Nitasema kwa sauti ya kawaida. Kwenye kadi zote nimeandika kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Nimeuacha mweupe.

Shangazi anafuta vumbi picha ya Mama. Hajui. Nitamfurahisha!

Jumamosi, 11 Mei

Niliapa kuandika hata kile kitakachoniaibisha. Haya.

Meneja alikuja kukagua kadi. Alizisifu. Alipitisha kidole chini ya kila jina bila kugusa wino. Akafika kwenye nafasi nyeupe. Akasema, vipi, Kalamu umeishiwa wino?

Nikasimama. Nikasema, naomba jina hili libadilishwe.

Kwa nini?

Linamuumiza mtu.

Akatabasamu. Nani huyo? Mteja? Nikasema, si mteja. Mtu wa hapa hapa. Analazimika kuliita jina hili kila siku. Barafu alikuwa anakata malimao, akaacha kukata. Meneja akauliza tena, taratibu — nani?

Nikasema, Shangazi yangu.

Akaangalia mlangoni, kama anayetarajia mgeni aingie. Shangazi yako yuko wapi?

Nikanyoosha mkono. Kwa kalamu! Nilimnyooshea kwa kalamu. Alikuwa anatoka jikoni na trei ya glasi za maji.

Nakumbuka mashine ya barafu ikinguruma, na Kibonge amesimama mlangoni na unga mikononi. Barafu ndiye aliyesema. Alisema kwa mshangao tu, hakuwa na ubaya: Shangazi? Kwani huyu si mama yako?

Na mimi, niliyefundishwa kusema kweli, nikasema kweli. Nikasema, hapana, mama yangu alifariki. Huyu ni shangazi, dada wa baba. Yeye hakujaliwa mtoto. Ndiyo maana.

Ndiyo maana! Hivyo hivyo nilisema. Kama nimetatua hesabu ubaoni.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wote walimgeukia. Hata wa meza ya dirishani waligeuka, na hao si wa pale, hawamjui hata jina. Nikaona jinsi neno linavyoacha glasi na kwenda kumtafuta mtu. Shangazi aliishika trei vile vile, glasi hata moja haikugongana na nyingine. Akasema, meza ya tatu wanasubiri maji. Akawapelekea.

Ndipo nikaelewa. Kalamu haikuwa ile ya kwenye nywele. Kalamu ni mimi. Yeye alikuwa Mama Kalamu.

Jumapili, 12 Mei

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze.

Asubuhi alifua, mimi nikaanika. Tulipofika kwenye shuka, ambayo lazima ishikwe na wawili ili ikamuliwe, akasema kutoka upande wake — siku ya kwanza pale waliniuliza, una watoto wangapi. Nikasema mmoja. Sikusema nimemzaa. Nilisema mmoja. Wakauliza, anaitwaje, anafanya nini? Nikatoa daftari lako la shule. Wakasema, lo, huyo mtoto ana kalamu! Basi. Kuanzia hapo nikawa Mama Kalamu.

Tukakamua. Maji yakanidondokea miguuni.

Nikamwambia, kwa nini hukunifundisha nikuite mama? Ningekuita. Akasema, kwa sababu unaye. Yuko pale juu ya kabati. Alikuzaa kwa shida, akaondoka kwa shida, halafu mimi nije nichukue na jina lake? Sikutaka kumnyang'anya. Nyumbani wewe ni mtoto wake. Kule kazini nilikuazima tu, kidogo, mpaka zamu iishe.

Nilikuazima tu.

Ananiita mwanangu. Siku zote nililihesabu kuwa neno la kawaida, kwa sababu kila mtu mzima humwita kila mtoto hivyo. Leo amelitamka alipokuwa ananiomba pini za kuanikia. Mwanangu, nipe pini. Nikalisikia.

Jumanne, 14 Mei

Meneja amefanya jambo ambalo anaamini ni zuri.

Aliwakusanya wafanyakazi wote kabla ya kufungua. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya pembeni. Akaomba radhi mbele yao wote. Alisema hakujua, na kwamba jina lile limekufa leo. Shangazi akashukuru. Hapo angeishia! Lakini Meneja akaendelea, amefurahishwa na wema wake mwenyewe: kwa heshima ya mwenzetu, kinywaji hiki kuanzia sasa kitaitwa Mama Kalamu. Akapiga makofi. Wachache wakampigia.

Shangazi alikuwa anaangalia ncha za viatu vyake.

Kisha Meneja akaja mezani kwangu. Umeona, mtoto? Umeshinda. Jaza nafasi zako. Nataka kadi zote Jumamosi, tunaanza nazo jioni hiyo, na kila jina liitwe kama lilivyoandikwa.

Hajui alichofanya. Jina lile lilikuwa lake peke yake. Sasa linauzwa pamoja na mrija.

Lakini si hilo lililoniumiza zaidi. Barafu, ambaye ni mtu mpole kabisa, alitaka kumwita Shangazi apeleke oda. Akafungua mdomo — Ma... Akasita. Akasema, Dada. Dada, meza ya nne wako tayari. Na mhudumu mwingine vile vile, dada naomba kitambaa. Wanaogopa kumdhihaki, basi wamemvua. Aliingia pale mama, leo ametoka dada.

Kibonge alinikuta jikoni naosha mikono ya wino. Akasema, wewe mtoto wa shule, ukweli wako ungeuacha nyumbani. Nikasema, nilitaka kumsaidia. Akasema, najua! Ungekuwa hutaki ningekupiga na mwiko. Mimi nilijua siku nyingi. Mwanamke aliyezaa hasimulii ujauto... hapa akacheka mwenyewe kwa kuuma ulimi, akaanza upya. Mwanamke aliyezaa hachoki kukusimulia ujauzito wake, yeye hakusimulia hata siku moja. Nilijua nikanyamaza. Ulidhani kunyamaza ni kazi ndogo?

Nikalia. Akanipa kipande cha Kibonge. Sikuweza kukimeza, nikakirudisha, na hilo nadhani lilimuudhi kuliko yote.

Alhamisi, 16 Mei

Leo mteja mmoja wa siku zote, mzee wa suti ya kijivu, aliuliza kwa sauti, ile Mgumba yangu imekwenda wapi? Mhudumu kijana akamwinamia, akamnong'oneza. Mzee akageuza shingo polepole mpaka macho yakamfikia Shangazi. Akasema, aa. Pole zake. Niletee basi hiyo Mama Kalamu.

Alikuwa wa meza ya Shangazi.

Shangazi akasimama katikati ya ukumbi, pale pale anaposimama siku zote. Nilibana kalamu kama ninamnyonga kuku. Akaita:

Ya embe na tangawizi moja, meza ya tano!

Barafu akamwangalia Meneja. Meneja akasema kutoka kwenye meza yake, bila ukali, jina, tafadhali. Shangazi akasema, ndilo hilo. Kina embe, kina tangawizi. Meneja akacheka kidogo akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. Akasema, sikubadilisha jina ili mlikatae tena. Nimekupa heshima, wewe unanirudishia mkononi mbele ya wateja?

Shangazi akasema, heshima naishukuru. Lakini jina hilo si tunda la kukamuliwa kwenye glasi. Sitaliita.

Barafu aliangalia chini, akachukua glasi, akatikisa, akamimina. Halafu akapaza sauti kama kawaida: Ya embe na tangawizi moja, inakuja!

Meneja alimwita Shangazi ofisini. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia: Jumamosi, kadi zikiwa mezani, kila mhudumu ataita kilichoandikwa. Asiyetaka aniambie mapema, nitafute mwingine. Shangazi akasema, nimesikia.

Njiani alibeba mfuko wangu wa shule, ingawa mimi ni mrefu kumshinda.

Ijumaa, 17 Mei

Nimejaza mstari kwenye kadi zote. Nimeandika: Embe na Tangawizi. Kila kitakachoitwa ni kile kilichoandikwa — Meneja mwenyewe amesema. Basi hicho ndicho kimeandikwa. Ikiwa atazikataa, atazikataa zote, na mimi na Shangazi tutatoka kwa mlango mmoja. Nimemwambia. Alizisoma moja baada ya moja, mpaka ya mwisho, ingawa zote ni sawa. Akasema, K yako siku hizi haiegemei.

Baba alipiga simu. Injini ilikuwa inanguruma. Nikamweleza yote, harakaharaka, kabla mtandao haujakatika. Nikamuuliza, je, nikimwita mama pale mbele yao, nitakuwa nimesema uongo? Nitakuwa nimemkosea Mama? Akasema, mwanangu, miaka yote hii mimi nimempa dada yangu mtoto, nimempa na masharti. Sikuwahi kumuuliza yeye anataka aitweje. Usiniulize mimi.

Simu ikakatika, au aliikata.

Jumamosi, 18 Mei

Ni alasiri. Naandika nimekaa kitandani, kadi ziko magotini, zimefungwa kwenye kanga safi zisipate vumbi. Shangazi yuko chumbani kwake anajiandaa. Nasikia pasi ikigonga ubao. Amesema tutakwenda pamoja.

Nimejaribu kulisema peke yangu, kwa sauti ya chini. Mama. Limetoka jepesi, kama neno la mtu mwingine. Nikajaribu la pili. Shangazi. Hili ni zito, lina miaka yangu yote ndani yake — viazi, shuka, pasi, insha iliyokunjwa kwenye mkoba. Sijui kwa nini watu wanadhani ndilo dogo.

Lakini pale mlangoni watatuangalia. Barafu, Kibonge, Meneja, mzee wa suti. Neno la kwanza nitakalomwita wote watalisikia. Nikiita mama, watadhani namfanyia huruma, na huenda na yeye akadhani hivyo. Nikiita shangazi, nitakuwa nimemnyooshea kalamu mara ya pili. Nikinyamaza — mdomo mfupi — nitakuwa kama nimemwita dada, kama wao.

Niliamua kwa ajili yake mara moja. Sitaamua tena.

Nimechukua kadi moja iliyoharibika, ile yenye tone la wino, niliyoiokota kwenye pipa siku ile. Nimeandika nyuma yake, nimeisukuma chini ya mlango wake. Pasi imenyamaza. Naona kivuli cha miguu yake kwenye upenyo. Kadi imechukuliwa.

Niliandika hivi:

Tukifika mlangoni, mbele ya wote, unataka nikuite nani? Naomba unijibu kabla hujafunga viatu.